Taa Iliyomficha Kasiva

Mimi ni Musyimi, mwana wa Nzioka, mwana wa Mulei wa Ikutha. Babu yangu Mulei aliketi katika baraza la wazee akiamua kesi za mipaka na mifugo, na hata walioshindwa mbele yake walimvulia kofia walipokutana naye njiani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akipokea mbuzi wa mtu kabla ya hukumu. Baba yangu Nzioka alikuwa mzee wa kanisa na mpiga picha mwenye duka lake katika mji wa Sultan Hamud, karibu na stesheni ya reli. Wasafiri walishuka garimoshi wakamtafuta kwa jina. Mimi nilisoma zama ambazo mwalimu alikagua kucha kabla ya kukagua hesabu. Kisha nikarithi kamera ya baba, nikafungua studio katika mji wa Kitui, nikaiendesha mpaka macho yangu yaliposhindwa na kazi ya chumba cha giza. Nayataja haya ili wajukuu wangu wajue kwamba wametoka katika nyumba iliyolishwa na nuru, na kwamba lililotupata mwaka huu lilitupata kwa sababu ya nuru hiyo hiyo.

Dada yangu Kasiva alipotea siku ya soko pale Ikutha.

Kwa muda sasa kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka. Angeweka chumvi kwenye chai, angemwita binti yake Kathini kwa jina la mama yetu aliyefariki zamani. Siku hiyo Kathini alikwenda naye sokoni, akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya kibanda chake cha nguo, akageuka kumpimia mteja sketi. Alipogeuka tena, kigoda kilikuwa kitupu. Kiondo cha mama yake hakikuwapo, wala mama mwenyewe.

Tuliokutana nyumbani kwa Kathini jioni ile tulikuwa wachache, na kila mmoja alijua jambo lililokuwa hatarini. Jua la msimu ule lilikuwa kali, mabwawa ya mchanga yalikuwa yamekauka, na mwanamke mzee asiyejua jina la kijiji chake hawezi kustahimili muda mrefu barabarani. Tulikubaliana kubandika mabango katika masoko yote ya Kitui na Makueni, na kuituma picha katika kila simu. Mimi nilisema waanze na Sultan Hamud. Huko ndiko tulikolelewa, na nilijua kwamba mtu anayesahau mambo ya jana hurejea katika yale ya utotoni.

Kathini alileta picha. Ilikuwa imepigwa na mjukuu wangu Nzomo, ambaye ana duka la picha mjini Wote na hupiga harusi na mazishi kote Makueni. Aliipiga siku wakwe walipotuletea mbuzi wa ntheo, yaani wa posa, kwa ajili ya binti ya Kathini. Katika picha hiyo dada yangu alikuwa amevaa kitenge cha kuazima na kilemba kirefu, uso umepakwa poda, na mashavu yanang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Mjomba! Si mama huyu?"

"Nauliza kwa sababu dada yangu ana kope la kushoto lililolegea tangu utotoni, na mashavu yake yalibonyea alipong'olewa magego. Huyu hana kope lililolegea. Huyu hana hata umri."

Nzomo alitabasamu. "Babu, hiyo ni kazi ya taa ya duara. Inasimama mbele ya uso, inasawazisha kila kitu. Halafu nikamlainisha kidogo kwa kompyuta. Kila mtu akipigwa hivyo anatoka poa."

"Sijauliza kama ametoka poa. Nimeuliza kama ametoka yeye."

Nilikuwa nimekuja na picha yangu. Niliipiga katika studio yangu Kasiva alipokuwa mwanamke wa makamo: nilimketisha kando ya dirisha, nikaacha upande mmoja wa uso wake uchukue nuru yote na upande wa pili uzame kivulini. Ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nzomo aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akaitazama kwa heshima, kisha akashindwa kujizuia. Yeye humwita Kasiva Susu, yaani bibi.

"Babu, hii ni nzuri sana. Lakini nusu ya Susu iko gizani. Watu watatafuta nusu?"

Waliokuwapo walicheka, hata Kathini aliyekuwa akilia. Nami sikukasirika, maana alikuwa amesema kweli. Uso ule ulikuwa wa miaka mingi iliyopita, na giza nililolipenda kwa ajili ya uzuri wake lisingemsaidia mpita njia. Niliuliza kama hakuna picha nyingine, yoyote, ambayo Kasiva yumo kama anavyoonekana kila siku.

Kathini alikaza uso. "Mjomba, nisikilize. Nikimbandika mama ukutani akiwa na lesso ya jikoni na mdomo umebonyea, watu wa kanisa watasema nini? Watasema nilimwacha hivyo, ndiyo maana akatoka. Mama ni mke wa shemasi. Kama ni kutangazwa, atangazwe akiwa amependeza."

Hivyo ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Mtu wetu akijitokeza mbele ya macho ya watu, iwe ni kwenye arusi, msibani au ukutani, sharti awe amevishwa nguo yake bora hata kama alikuwa haivai. Hakuna mzee wala kijana mle ndani aliyempinga Kathini, kwa kuwa mama alikuwa wake. Mabango yalichapishwa kwa picha ya taa ya duara.

Simu zilianza kulia mapema, na zote zilitoka upande mmoja. Mama yenu yuko Kyuso, walisema. Tumemwona kwa macho yetu. Anauza ndengu karibu na soko la mbuzi. Kutoka Sultan Hamud, ambako Nzomo alibandika mabango kwa mkono wake mwenyewe, haikuja simu hata moja. Kathini aliniambia kwa upole kwamba huenda moyo wangu ulitamani Sultan Hamud kuliko miguu ya mama yake. Tuliingia katika gari dogo la Nzomo, tukaenda Kyuso, kaskazini kabisa, barabara ikitutikisa na vumbi likitujaa vinywani. Kathini aliomba njia nzima kwa sauti ya chini.

Tulimkuta mwanamke huyo nyuma ya magunia ya ndengu. Jina lake lilikuwa Kalondu, naye alituona kabla hatujamsalimu.

"Mmekuja tena!" alisema akisimama. "Jana vijana wa bodaboda walitaka kunipakia kwa nguvu ili wanirudishe Ikutha. Ikutha! Mimi sijawahi hata kupita huko. Mzee, niangalie vizuri. Nimepotea?"

"La, mama. Tunaomba radhi."

"Mume wangu yule pale anashona viatu. Muulizeni yeye kama nimepotea. Ingawa nadhani angefurahi kupumzika kidogo."

Soko lilicheka. Mumewe aliinua sindano juu, na kicheko kikazidi. Kalondu alimnyang'anya Nzomo bango, akalinyoosha, akalitazama kwa muda.

"Lakini nimependeza," alisema.

Mimi sikucheka. Nilisimama nikitazama uso wa karatasi na uso wa mwanamke huyo aliyekuwa mdogo kwa dada yangu kwa kizazi kizima. Mashavu yalikuwa yale yale, paji la uso lile lile, laini, lisilo na mstari. Watu wa Kyuso hawakukosea. Walitazama picha wakamtafuta aliyefanana nayo, wakampata. Kosa lilikuwa letu, na wakati tulioupoteza kwa kuja huku ulikuwa wakati wa Kasiva.

Kathini aliketi kwenye gunia la mtu, akafunika uso kwa kanga yake. Kalondu aliacha mzaha papo hapo. Alimletea maji katika kikombe, akamshika bega, akamwambia, "Kunywa, dada. Mama yako atapatikana. Nami nikimwona nitamleta mwenyewe, kwa kuwa sasa tumekuwa ndugu wa bango."

Tukashika njia ya kurudi. Jua lilipokuwa limeanza kuinama, Nzomo alisimamisha gari ghafla kando ya barabara.

"Babu," alisema, macho yakiwa mbele, "nilimpiga Susu picha, akatoka mtu wa Kyuso. Niambie nilifanya nini."

Nilimwambia ashuke. Kando ya barabara palikuwa na kichuguu kirefu, nacho kilipigwa na nuru kutoka ubavuni. Kila mfereji wake ulionekana, kila tundu, kila mahali mvua ya zamani ilipokwangua udongo.

"Tulipopita hapa mchana jua lilikuwa mgongoni mwetu," nilisema. "Ulikiona kichuguu hiki?"

"Nilikiona kama rangi nyekundu tu. Kama kitu kilichochorwa."

"Udongo ni ule ule. Nuru inapotoka pale unaposimama wewe, vivuli vyote huangukia nyuma ya kitu, mahali ambapo jicho lako halifiki. Unaona mwangaza mwingi na umbo kidogo. Taa yako husimama mahali pa kamera. Inamulika shavu na shimo la shavu kwa nguvu moja, na shimo linatoweka. Babu yako mkuu Nzioka hakuwa na taa. Alikuwa na mlango wa duka. Alimkalisha mteja kwenye kigoda ubavuni mwa mlango, akamgeuza kidogo kidogo, mpaka kivuli cha pua kikae mahali ambapo mke wa mtu huyo angesema: huyu ndiye. Hapo ndipo alipobonyeza."

"Na ile yako ya studio, yenye nusu gizani?"

"Hiyo niliipiga kwa ajili yangu," nilimjibu.

Alikitazama kichuguu. Kisha akatoa kompyuta yake ndogo katika mkoba, akaifungua juu ya boneti, akaanza kupitisha picha za siku ya ntheo. Alikwenda haraka, nyuso zikipita: wakwe, mbuzi, wapishi, wasichana waliojipanga. Akasimama.

"Hii nilitaka kuifuta," alisema. "Nilikuwa napima nuru kabla ya kuwasha taa. Susu alikuwa bado hajapambwa."

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, ungo mapajani, akichambua ndengu. Hakuwa anaitazama kamera. Nuru iliingia kwa ubavu kutoka uani, na nyuma yake jiko lilikuwa jeusi. Niliona kope la kushoto lililolegea. Niliona shavu lililobonyea, na mstari wa kina unaoteremka hadi kidevuni, na taya aliloliweka upande kidogo, kama anavyofanya tangu utoto akishughulika na kazi ya mikono. Kwa siku zote zile za kutafuta, huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kwanza kumwona aliyepotea.

Kathini alishuka garini, akaja, akatazama. "Amezeeka," alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba, mbona amezeeka hivi? Nilikuwa naishi naye." Nilidhani angekataa tena kwa ajili ya lesso iliyofifia na miguu mitupu iliyojitokeza chini yake. Alijifuta macho, akamwambia Nzomo, "Chapisha hiyo. Usimguse hata unywele."

Asubuhi tulikuwa Sultan Hamud. Stesheni ya zamani ingali pale, na maduka yamejipanga kando ya barabara kuu ambako malori hayaishi kupita. Nzomo alianzia kwenye ukuta wa hoteli ndogo ya chai ambako bango la kwanza lilikuwa bado limebandikwa, pembe moja imeshaanza kuachia. Alikuwa akipaka gundi aweke jipya juu yake pale mwenye hoteli alipotoka na kijiko mkononi. Ni mwanamke wa Kiislamu aitwaye Salama, ambaye ukoo wao ulihamia hapa kutoka pwani zamani za reli.

"Kijana, mara hii usiniharibie rangi," alisema. Kisha akaliona bango. Kijiko kikabaki hewani. "Subiri. Huyu simjui? Huyu si bibi yetu?"

"Bibi yenu yupi?" niliuliza.

"Shikamoo, mzee. Bibi anayekaa hapa. Hapa hapa, chini ya ukuta huu. Alikuja na kiondo baada ya kijana huyu kubandika na kuondoka, akasema anamngoja baba yake afungue duka. Nikawa nampa chai na mahamri kila asubuhi."

Kathini alipiga ukelele. Nzomo aliuweka mkono wenye gundi juu ya lile bango la zamani. "Alikaa hapa? Chini ya hii?"

"Akaegemeza mgongo pale pale."

"Na hukumfananisha, mama?"

"Nimfananishe na nani?" Salama aliuliza, na machozi yalikuwa yameanza kumlenga. "Yule wa juu nilidhani ni mke wa mhubiri. Kila wiki wanabandika watu kama hao, wanang'aa, wanakuja na mkutano wa injili. Sikusoma hata maneno. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimpita kila siku nikiwa na birika."

"Yuko wapi sasa?" niliuliza.

Aliangusha macho. Alisema Kasiva alikuwa amefika na jeraha mguuni, viatu vimepotea njiani, asijue kueleza ni nani aliyempakia. Jeraha lilivimba. Salama aliliosha kwa maji ya chumvi, akamwomba aende naye zahanati, lakini mgeni wake alikataa kuondoka mbele ya duka kabla baba hajafungua. Jana jua lilimwangusha pale pale ukutani. Majirani walimbeba wakamlaza katika chumba cha nyuma, na Salama alikuwa akitafuta gari la kumpeleka hospitali asubuhi hiyo.

Niliingia wa kwanza. Chumba kilikuwa kidogo, kina mlango mmoja na hakina dirisha, na harufu ya jeraha ilinipokea kabla ya kitu kingine. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, kiondo kifuani. Aliinua kichwa, akanitazama, akapiga kelele ya hofu, akajivuta mpaka pembeni.

"Ni mimi, Kasiva," nilisema. "Ni Musyimi."

Alizidi kulia. "Toka! Toka, wewe mtu!"

Kathini alinisukuma kwa nyuma akitaka kuingia, nami nikamzuia kwa mkono. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na uani kote nyuma yangu palikuwa jua tupu. Mtu niliyetumia maisha yangu yote kuzigeuza nyuso za watu kuelekea nuru nilikuwa nimemjia dada yangu kama gogo jeusi lisilo na macho. Niliingia taratibu, nikazunguka karibu na ukuta, nikaketi sakafuni kando ya mkeka, ubavuni mwa mlango, nikaugeuza uso wangu mpaka nilipoona mwangaza umenigusa shavu. Kisha nikangoja.

Alinyamaza. Alinitazama kwa muda mrefu, kope lile moja likiwa limeshuka. Mkono wake ukaja polepole, ukagusa mstari ulio kando ya mdomo wangu, ambao baba yetu alikuwa nao pia.

"Baba," alisema. "Umechelewa kufungua."

Sijawahi kusema uongo mbele ya mtu wa nyumba yangu, na sikuanza siku ile. Nilimwambia, "Nimekuja, Kasiva. Twende nyumbani." Akanipa kiondo nimshikie.

Hospitalini madaktari walifanya walichoweza. Waliukata mguu chini ya goti. Daktari aliyeongea nasi alikuwa mpole. Alisema kama angeletwa siku chache mapema, dawa na usafi vingetosha. Kathini alimwuliza siku chache ngapi. Mimi nilimwomba Kathini asiulize tena. Sasa Kasiva yuko Ikutha, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na kila asubuhi huulizia viatu vyake vyote viwili. Kathini humletea vyote viwili.

Kwa hiyo nawaambia ninyi, wana na wajukuu wa nyumba ya Mulei, na kila kijana anayebeba kamera mfukoni na kujiita mpiga picha. Zimeni hizo taa. Nendeni kwa wazazi wenu wakiwa kazini mwao, wakiwa na lesso zao na jasho lao, mwaweke ubavuni mwa mlango, mwatazame kwanza kwa macho yenu mpaka mjue kila mstari, kisha ndipo mpige. Msiwaonee haya wazee kwa uzee wao. Msiwalainishe. Fanyeni hivyo wiki hii, wala msiniambie mmesikia mpaka mmeniletea picha nizione.